Kigoda Kabla ya Jembe

Fundi wa bustani anayeijua kazi yake hapa Dunda, Bagamoyo, huingia uani na kigoda kabla ya jembe. Hukaa asubuhi, akarudi adhuhuri, akarudi tena alasiri, akitazama kivuli kinalala wapi. Mwenye nyumba mwenye haraka ataona anachezewa, lakini hapo ndipo kazi ilipo. Bagamoyo iko nyuzi sita na kitu kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri huhama: mwezi wa Juni huegemea kaskazini, Desemba likaegemea kusini. Ukuta uliokuhifadhi wakati wa kusi unaweza kukuacha uungue kaskazi ikiingia. Ndiyo maana fundi mzuri huutegemea ukuta wa magharibi. Huo hauna msimu. Kila alasiri kivuli chake hutandaa uani, na aliyekaa chini yake hutazama mashariki, bahari inakovumisha upepo.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, za mawe ya matumbawe na chokaa, zimemrahisishia kazi. Mbele kuna baraza, pa salamu na habari za mji; nyuma kuna ua uliozungukwa na kuta, usioonekana na mpita njia. Utulivu umekwisha kujengwa. Kilichobaki ni kutouharibu.

Shida kubwa ni ardhi. Mchanga wa pwani haushiki maji, na karibu na ufuo visima vingine huwa na chumvi. Basi shimo huchimbwa kubwa kuliko mche unavyodai, chini hutandikwa makumbi ya nazi, juu yake samadi iliyooza vizuri, kisha ndipo mche. Makumbi hunyonya maji ya masika na kuyaachia mizizi kidogo kidogo mvua ikishakatika. Hakuna atakayeyaona tena makumbi hayo, na mimi huipenda sana kazi ya namna hii, ambayo ubora wake umezikwa.

Miti huwa michache. Mkomamanga unafaa ua mdogo, kwa kuwa haukui ukafunika kila kitu. Mkungu una kivuli kizuri, lakini majani yake makubwa humwagika chini na ufagio haupumziki. Heri uwe nje. Mlangilangi ukiachwa hupanda juu mno na maua yake yakawa ya ndege, kwa hiyo hukatwa kilele na matawi yakainamishwa, ili ua likishageuka njano mkono ulifikie.

Mimea midogo ndiyo inayoonyesha akili ya fundi. Mnanaa hupandwa penye birika la udhu: maji yale hayana sabuni, na yakimwagika mara tano kwa siku mnanaa hauna kiu. Mrihani huwekwa ukingoni mwa njia, pindo la kanga liuguse, na vishada vyake vya maua hukatwa mapema ili uendelee kutoa majani. Asmini hupandishwa ukuta ule ule wa magharibi, nyuma ya anayekaa. Hufunguka jua likizama, kwa hiyo harufu humfikia mtu wakati ametoka kuswali magharibi na bado hajataka kusema na mtu.

Mji huu unajua kukaa na Mungu. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931, aliufanya kuwa kituo kikubwa cha tariqa ya Qadiriyya. Zikri ya jamaa ina mahali pake, ila uradi wa mtu peke yake baada ya alfajiri unataka pembe ya nyumbani. Kutoka Bagamoyo kibla kiko karibu kaskazini kamili, na fundi mwelewa huacha upande huo mtupu: mchanga mweupe, ukuta uliopakwa chokaa, basi. Chungu cha maua hakikai mbele ya msala. Mapadri wa Roho Mtakatifu, walioanzisha misheni yao hapa 1868, walipanda miembe kwa safu, wakapata njia ya kutembea na kuwaza. Nayo ni kazi nzuri. Ua wa Dunda ni wa anayewaza akiwa ameketi, na ndiyo maana kila kitu ndani yake kimepimwa kwa urefu wa macho ya mtu aliye juu ya mkeka.

Siku hizi nyua nyingi zinafunikwa vitofali vya saruji ukuta hadi ukuta. Vinapunguza vumbi, nakubali. Lakini hushika joto la mchana na kulitoa jioni, saa ile ile ya kukaa, na mvua hutiririka juu yake isipate pa kuingilia. Mwenye kuvitaka aviweke penye mapito, na chini ya ukuta wa magharibi aache mchanga wa kutosha mkeka mmoja na mche wa asmini. Shimo lichimbwe Februari, makumbi na samadi vikae humo mwezi mzima, mche uingie masika ikianza kunyesha.