Maandiko ya Mafratri na Kitabu cha Mwindo

Ndugu mafratri, wengi mkiandika juu ya desturi za Wahunde wa Masisi au Wanyanga wa Walikale, mwaanza: «Wazee husema...» Wazee gani? Wa kijiji gani? Mtakatifu Tomaso mwamtaja kwa kitabu na sura. Mzee aliyewafundisha hamumpi hata jina.

Tazameni kitabu cha Mwindo cha Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, kilichotoka 1969. Chamtaja msimulizi, Mnyanga She-Karisi Rureke, na mwaka 1956 alipohadithia. Tena maneno yake ya Kinyanga yamo pamoja na tafsiri. Hivyo msomaji aweza hata kuwabishia waandishi.

Likizoni, mkimwuliza mzee, andikeni kwanza jina, kijiji na siku. Akiogopa kutajwa kwa sababu ya vita, lificheni jina, lakini semeni wazi kwamba mmelificha.