Miiko na Mizani: Kanuni za Uchawi katika Michezo ya Masimulizi ya Mezani

Msomaji wa jarida hili huenda akashangaa kuona vitabu vya kanuni za michezo vikihakikiwa humu. Lakini mchezo tunaouzungumzia si wa karata wala wa bao. Watu wanne au watano huketi mezani. Kila mmoja husema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake, na mmoja miongoni mwao, ambaye tutamwita mwendeshaji, huusimulia ulimwengu wanamopita. Penye shaka, dadu huamua. Mchezo wa kwanza mashuhuri wa aina hii, Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Hayo ni masimulizi yanayotungwa papo kwa papo, na kanuni zake ni kanuni za utunzi kama zilivyo zile za vina na mizani kwa malenga.

Neno hili mizani ndilo kiini cha hoja yetu. Washauri wa michezo hii wamekuwa wakilalamika tangu mwanzo kwamba wachawi huwazidi nguvu wahusika wengine, na dawa wanayoipendekeza karibu kila mara ni ya hesabu: punguza hapa, ongeza pale, mpaka pande mbili zilingane. Wao huelewa mizani kama ya muuza nyama. Malenga huielewa vingine. Kwake mizani ni mpaka unaoupa kila mshororo nafasi ya kusema.

Gygax alikiri kwamba uchawi wa mchezo wake ulitokana kwa kiasi kikubwa na hadithi za Jack Vance, hasa kitabu The Dying Earth cha mwaka 1950. Humo mchawi huzikaririsha akilini afsuni chache tu, na akiisha kuitamka moja husahaulika, mpaka aidurusu tena. Wazo hilo la kisanaa liligeuzwa kuwa kanuni. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, mchawi wa daraja la kwanza ana afsuni moja kwa siku, na uhai wake hupimwa kwa dadu ya nyuso 4 ilhali wa askari hupimwa kwa ile ya nyuso 10. Afikapo daraja la tano hupata tufe la moto, linaloumiza kwa dadu moja ya nyuso 6 kwa kila daraja alilofikia, na huwapiga wote waliomo katika eneo lake. Askari bado anakata kwa upanga, adui mmoja mmoja.

Mabishano mengi yamehusu tufe hilo. Sisi twaona kwamba wamekosea mahali pa kutazama. Tulipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya pili tuliketi katika meza kama hiyo majira mazima ya baridi, na mhusika wetu alikuwa mwizi. Kazi ya mwizi ni kufungua makufuli. Kwa kanuni za 1978 mwizi wa daraja la tatu hufaulu mara 33 katika 100, kabla ya nyongeza za kabila na wepesi wa mikono. Mchawi wa daraja hilohilo anayo afsuni inayofungua mlango pasipo kutupa dadu. Siku aliyoitumia kwa mara ya kwanza tulinyamaza jioni nzima. Hatukuumizwa na nguvu zake. Tuliponyolewa kazi yetu, na mhusika asiye na kazi hana la kusema katika hadithi. Afsuni inayomwangamiza adui huacha hadithi ikiendelea, lakini ile inayomfanya mwenzako asihitajike humnyang'anya ulimi.

Toleo la mwaka 2008 lilijibu malalamiko kwa ujasiri: wahusika wote, askari kwa mchawi, walipewa maarifa yaliyojengwa kwa muundo mmoja, mengine ya kila wakati, mengine ya mara moja kwa pambano, mengine ya mara moja kwa siku. Pande zilikaribiana, lakini wachezaji wengi wakasema uchawi umepoteza ladha yake. Hawakuwa wakidai upendeleo. Ukiwapa manju na mpiga ngoma ubeti uleule, hutapata ngoma.

Jawabu lililotuvutia zaidi, nasi kama watu wa lugha, limo katika Ars Magica, mchezo wa Jonathan Tweet na Mark Rein·Hagen uliotoka mwaka 1987. Hapa uchawi ni sarufi. Kuna vitenzi vitano vya Kilatini, yaani naumba, natambua, nageuza, naharibu na natawala, na nomino kumi kama vile moto, maji, ardhi, mwili na akili, nyingi zikiwa katika hali ya shamirisho. Mchawi huunganisha kitenzi na nomino, akatunga tendo ambalo pengine halimo katika orodha yoyote. Tena watungaji wanakiri waziwazi kwamba mchawi huwazidi wengine. Kwa hiyo wachezaji hupokezana, leo huyu mchawi, kesho yeye mtumishi. Usawa umeondolewa kwa wahusika ukapewa watu walioketi mezani. Hiyo ndiyo mizani ya malenga.

Hata hivyo Kilatini hicho ni maskini kwa jambo moja. Kiswahili kina waka, washa, washia: moto wenyewe, mwenye kuuwasha, na anayewashiwa. Afsuni iliyo katika kauli ya kutendea haiwezi kutamkwa pasipo mtu wa tatu, na palipo na mtu wa tatu pana deni.

Hapa yatupasa kukiri kwamba neno mchawi tumelitumia kwa shingo upande. Kwetu uchawi ni wa kudhuru, uganga ni wa kutibu na kukinga, mazingaombwe ni ya kuchezea macho. Neno moja la kuyajumlisha yote bila kuhukumu ni shida kulipata. Wanafunzi wanaotaka kutunga mchezo wa namna hii kwa Kiswahili huona hilo kuwa pungufu. Sisi twaliona kuwa akiba, kwa sababu mganga hazuiwi na idadi. Huzuiwa na miiko. Mchezo wa Gygax wenyewe uliwahi kuwa na mwiko wa kweli: kuhani hakuruhusiwa silaha yenye makali. Toleo la mwaka 2000 liliuondoa, na sasa kuhani huweza kushika hata kisu.

Tumtazame Fumo Liyongo. Mwili wake hauingii silaha, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kwa hesabu ya mezani huyo ni mhusika aliyezidi kipimo, na mshauri angependekeza apunguzwe nguvu. Lakini siri ile aliijua mwanawe, naye mwana alikuwa na tamaa zake. Kanuni tungeiandika hivi: kila kinga shurti ijulikane na mtu mmoja mwingine mezani, na mwenye kinga asimchague yeye.