Lisikilize Likizimwa

Jumapili moja hapa Dar es Salaam, kwenye mkusanyiko wa magari ya zamani, watu wazima walikuwa wanapigana vikumbo kupiga picha na Benzi 300D ya mwaka 1983. Lilikuwa limepigwa rangi nyeusi mpya, limevishwa rimu za kromu, na viti vyake vimeshonewa ngozi nyekundu. Waamuzi wakalipa zawadi ya gari lililotunzwa kuliko yote. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa dereva wakati mwenyewe analizima. Aligeuza ufunguo, akauchomoa, akautia mfukoni, na injini ikaendelea kunguruma. Akashuka bila haraka, akafungua boneti na kubana kile kimkono chenye maandishi STOP mpaka likanyamaza. Watu wakacheka, wakasema ndizo tabia za magari ya kizee. Kisha wakampigia makofi.

Makofi yale yaliniudhi, na bado yananiudhi. Gari linalokataa kuzimika kwa ufunguo ni gonjwa, na mwenyewe anajua ni gonjwa, kwa sababu kila siku anafungua boneti kulizima. Likiitwa gari lililotunzwa, basi kijana anayeanza leo kukusanya senti zake anunue Benzi kuukuu atajifunza kutazama vitu visivyo na maana, na atauziwa mzigo. Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Nazungumzia W123, familia ya Benzi yenye hiyo 300D, hasa za dizeli, kwa sababu anayejua kuipima hiyo hatapata taabu kubwa na nyingine. Ilitoka Januari 1976, ikaendelea hadi mwanzoni mwa 1986, na zilitengenezwa karibu milioni 2.7. Ni gari la kifahari lililojengwa litumike kila siku, na hapo ndipo linapopaswa kupimiwa: kwenye matumizi ya kila siku.

Tuanze na rangi ili tumalizane nayo. Rangi ya kiwandani iliyofifia ina thamani kuliko rangi mpya, hata iwe imepigwa na fundi hodari namna gani. Rangi ya zamani haifichi kitu. Rangi mpya mara nyingi imepigwa juu ya puti, na puti imepakwa juu ya kutu. Kwenye pwani yetu, ambako upepo wa bahari unabeba chumvi mpaka ndani ya gereji iliyofungwa, usitazame boneti wala paa. Piga magoti. Tazama matundu ya jeki pembeni mwa sakafu, pindo la chini la milango, na nyuma ya taa za mbele ndani ya fenda. Inua zulia la abiria, uguse kwa vidole: likiwa na unyevu, sakafu imeanza kuoza. Fungua boneti, uchunguze vijia vya kutolea maji chini ya kioo cha mbele. Gari lililolala miaka chini ya mwarobaini hujaa majani pale, maji yakakosa pa kupita, yakaingia ndani.

Rimu ni za chuma, na vifuniko vyake vimepakwa rangi ya bodi. Rimu za kromu ni aibu. Gari la W123 linapendeza likiwa jeupe au lenye rangi ya mchanga. Jeusi liachiwe bosi wake mkubwa, W126. Viti vikae kama vilivyotoka. Ndani ya kiti cha asili kuna springi, na juu yake tabaka la manyoya yaliyoshikamanishwa kwa mpira. Fundi viti wa mtaani huling'oa, akatia sponji, na ndani ya mwaka mmoja unajikuta umezama huku goti limepanda karibu na usukani. Mlango ufungike kwa kusukumwa na vidole viwili, utoe mlio mmoja mzito. Ukitoa milio miwili, nenda zako.

Jambo la maji halihitaji maelezo mengi, lakini linaharibu magari mengi. Ukiona mshale wa joto hausogei, au unapanda kila gari likiingia kwenye foleni, uliza kama themostati ipo. Kwa hakika utaambiwa, "Tuliitoa, joto la Dar hili halihitaji themostati." Anayesema hivyo hajui injini anayoishika. Kwenye injini hizi, themostati ikishapata moto haifungui tu njia ya kwenda kwenye rejeta. Papo hapo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Umetoa kinga ukidhani umetoa kikwazo. Rudisha themostati ya nyuzi 80, weka kulanti, na usitie maji ya kisima, maana visima vingi vya Dar vina chumvi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mgeni wa magari haya hulikosa. Mnunuzi akija kutazama dizeli kuukuu, anataka kulisikia likiwaka. Anahesabu sekunde za hita plagi, anatazama moshi, anasikiliza mlio. Hayo si mabaya, lakini muuzaji amejiandaa nayo: ameweka betri mpya, na amelipasha moto kabla hujafika. Mwambie alizime. Sikiliza linavyozimika.

Injini hii ya dizeli haizimwi kwa kukata umeme, maana haina cheche ya kukatwa. Wajerumani waliamua kuizima kwa vakyumu. Dizeli haina kipepeo cha kuibana hewa inayoingia, kwa hiyo wakaweka pampu ya vakyumu mbele ya injini. Kutoka pale, vakyumu inakwenda kwenye busta ya breki kwa paipu nene, halafu inagawanyika kwenye vipaipu vyembamba vya plastiki vyenye mistari ya rangi, vilivyoungwa kwa vipira vidogo. Kimoja kinafika nyuma ya swichi ya ufunguo, na ukizima swichi inafungua njia, diaframu kwenye pampu ya nozeli inavutwa, dizeli inakatwa. Kingine kinakwenda kwenye giaboksi ya otomatiki kulainisha mabadiliko ya gia. Vingine vinaendesha milango midogo ya hewa ndani ya dashibodi. Na kwenye gari lililokuja na kufuli za pamoja, kuna vinavyokwenda kwenye kila mlango, kwenye buti na kwenye kifuniko cha tangi la mafuta.

Yote hayo yanakunywa kutoka kisima kimoja. Ndiyo maana diaframu iliyopasuka ndani ya mlango wa nyuma inaweza kulifanya gari likatae kuzimika, na gia zikaingia kwa kishindo. Fundi asiyejua anashusha giaboksi. Mwenye gari anauza kiwanja kulipia giaboksi ambayo haikuwa na ugonjwa, na kipira cha bei ya kikombe cha chai kinaendelea kuvuja mlangoni.

W123 nzima huzimika kabla ufunguo haujatoka kwenye swichi. Kunguruma, kimya, basi. Ikijivuta na kutikisika sekunde mbili tatu, kuna uvujaji umeanza. Ikiendelea, uvujaji umekomaa. Ikishazimika, hujamaliza. Kaa kidogo, piga soga, kisha funga mlango wa dereva kwa ufunguo na utazame vitufe vya milango mingine. Vyote vishuke kwa pamoja, kwa sauti moja, ingawa injini imenyamaza, kwa sababu mfumo una mtungi wa akiba na valvu ya njia moja ya kushikilia vakyumu. Gari la mtu makini hufanya hivyo hata asubuhi ya pili, kabla halijawashwa.

Tanga, mtaa wa Ngamiani, kulikuwa na mzee mmoja aliyetengeneza Benzi tangu ujana wake. Ukimpelekea gari hakufungua boneti. "Shikamoo, fundi." "Marahaba. Lizime, tunywe kahawa." Kahawa ilinywewa polepole, habari za nyumbani zikaulizwa zote. Halafu alisimama, akafunga mlango wa dereva, akainamisha kichwa. Siku niliyokuwepo, kitufe cha nyuma kushoto kilishuka nyuma ya wenzake kwa kitambo ambacho mimi sikukiona. Akasema, "Huyo amechoka." Akafungua paneli ya mlango ule, akatoa diaframu na kuikunjua kwenye mwanga: ufa mwembamba kama uzi, pembeni kabisa ya mpira. Gari lile lilikuwa limekwishapita gereji mbili zilizotaka kushusha giaboksi.

Matapeli nao wanajua siri hii, na wameitafutia dawa. Wa kwanza ni dalali asiyezima gari. Utamkuta linanguruma, atakutembeza nalo, atakurudisha likinguruma, na ukimwambia azime atakuwa na sababu: foleni, joto, mtu mwingine anakuja kulitazama. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili ni hatari zaidi kwa sababu ana akili. Nimewahi kuonyeshwa 240D iliyozimika vizuri mno, na bei yake ilikuwa ya gari zima. Nilipoinama chini ya dashibodi nikakuta uzi wa mshipi wa kuvulia samaki umepitishwa kwenye tundu la ukuta wa injini, ukafungwa kwenye kile kimkono cha STOP. Mkono wa kulia ukigeuza ufunguo, wa kushoto ulikuwa unavuta uzi. Wa tatu ni fundi anayeziba uvujaji kwa mpira wa dripu ya hospitali. Unashika wiki chache, kisha joto la injini linaulainisha, unajikunja na kuziba njia.

Kulitafuta tatizo hili nyumbani hakuhitaji kompyuta. Tafuta tawi la vipaipu vya kufuli za milango, lichomoe, na uzibe upande unaotoka kwenye injini kwa kitu kigumu chenye ncha, hata kishina cha kalamu. Washa, kisha zima. Likizimika vizuri, mgonjwa yuko milangoni. Fuata mlango mmoja baada ya mwingine. Lisipozimika, rudisha, uzibe tawi jingine. Paipu nene ya busta ya breki usiiguse. Ukichomoa kipaipu cha swichi ukakuta oili ndani yake, diaframu ya kuzimia imepasuka na inanyonya oili ya injini. Ibadilishe upesi, kwa sababu oili ile inakula mpira wa kila kitu inakopita. Vipira vya kuungia nunua vyote kwa mpigo na ubadilishe vyote. Hapa Dar vipo Gerezani, na Nairobi vipo Kirinyaga Road. Chukua mpira mweusi mgumu, kataa wa silikoni.

Anayeweza kufanya hayo ataweza na mengine. Valvu za injini hizi zinarekebishwa kwa mkono: 0.10 za kuingiza na 0.30 za kutolea, milimita, injini ikiwa baridi, kwa fila na spana mbili za 14. Ni kazi ya asubuhi moja, na asiyeifanya hana haki ya kulalamika kwamba gari halina nguvu. Ukibadilisha oili, legeza kwanza kifuniko cha filta juu, ndipo ufungue plagi ya chini, ili oili ya ndani ya nyumba ya filta ishuke yote. Andika kila kitu kwenye daftari. Gari lisilo na daftari sinunui.

Zamani daftari lilikuwa kitabu cha huduma chenye mihuri ya wakala wa Mercedes, D.T. Dobie, na dereva alikilinda kama cheti chake cha ndoa. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika, mafundi wa nchi hii hawakuwa na spea za kutupa ovyo. Walipima kabla ya kufungua, walisikiliza kabla ya kupima. Diaframu iliyopasuka ilipelekwa kwa mtu aliyejua mpira, ikakatwa nyingine, na ikashika. Siku hizi spea zipo tele, na uvivu umeongezeka kadiri ile ile. Fundi anabadilisha vitu mpaka gari linyamaze, halafu analipisha vyote.

Kazi ya namna ile ya zamani inaonekana mbali na hapa pia. Gregorios Sachinidis, dereva teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, aliendesha 240D ya 1976, ya familia iliyoitangulia W123, mpaka ikafika kilomita milioni 4.6, akaikabidhi kwa makumbusho ya Mercedes mwaka 2004. Hakufika huko kwa rangi. Alikuwa na injini za akiba, na moja ikifanya kazi nyingine inafanyiwa ukarabati. Huo ndio utunzaji: kuliwahi tatizo kabla halijakulaza njiani.

Basi ukilipata lako, pesa ya kwanza iende kwenye mipira: ya vakyumu, ya rejeta, ya bushi, ya milango. Ya pili iende kwenye oili, filta, kulanti na themostati. Ya tatu iende kwenye kutu iliyo chini ya sakafu. Viti vifuate. Rangi ni ya mwisho, na ukifanya yote hayo kwa mpangilio huo, kuna uwezekano mkubwa utagundua kwamba ile iliyofifia inatosha. Na wale wanaotoa zawadi, nawaomba jambo moja dogo kwa mwaka ujao: kabla ya kutazama gari lolote, mwambieni mwenyewe alizime.