Noir et blanc: Kiswahili chetu ndani ya mashine

Wandugu, leo naacha mihogo naongea muziki. Juu ya nini? Juu kila mara vijana wa Baraka wakitengeneza wimbo kwa kompyuta, mzee mmoja hakosi kusema: "Hivyo ni vitu vya wazungu, muziki yetu ni rumba na gitaa." Niko na albamu moja ya kumjibu. Inaitwa Noir et blanc, ilitoka mwaka 1983 kwa kampuni Crammed Discs ya Bruxelles.

Majina mawili ndiyo yanaongoza: Bony Bikaye, mwimbaji wa kwetu, wakati inchi ikiitwa Zaïre, na Hector Zazou, Mfaransa aliyezaliwa Algeria. Pamoja nao kuna wawili wengine, Guillaume Loizillon na Claude Micheli, walioitwa CY1, na sintetiza zao za zamani zenye nyaya nyingi. Kumbukeni wakati ule: Kinshasa ni Franco, ni Tabu Ley, ni Papa Wemba. Wimbo bila sebene ni nani atasimama kucheza? Hapa sebene haiko. Iko mdundo wa mashine unaorudi, unaorudi, na juu yake sauti nzito ya Bikaye.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni majina ya nyimbo. Mmoja unaitwa "Dju Ya Feza". Mwingine "Munipe Wa Kati". Mwalimu wa Dar es Salaam atatafuta kalamu nyekundu. Siye hatuhitaji mkalimani: ni juu ya feza, ni munipe wakati. Ni Kiswahili cha mama anayeuza ndagala, kimeandikwa kwa herufi za Kifaransa, kando ya Lingala ya "Lamuka" na "Keba". Hakuna aliyekiosha kwanza ndipo kiingie studio. Na feza halikuwa neno la mapambo: Septemba ya mwaka ule ule, pesa ya zaïre ilishushwa hadi chini ya robo ya thamani yake kwa dola. Sisemi wimbo uliandikwa juu ya hiyo. Nasema mtu wa kwetu aliyesikia jina lile hakuuliza maana yake.

Mimi ni mtu wa kilimo, nitatumia lugha ya shamba. Ukipanda maharage kati ya mihogo, swali ni nafasi na wakati. Muhogo unaanza polepole, maharage yanakomaa mbio, unayavuna kabla kivuli hakijafunga. Albamu hii, pale inapofaulu, inafanya hivyo. Mashine inakaa pahali pake, haijifanyi ngoma ya kijiji, na Bikaye anaachiwa nafasi ya kutembea, kuongea, kujiitikia mwenyewe.

Si kila pahali. Kuna dakika kivuli kinafunga: milio inajaa na sauti ya mwimbaji inakuwa mlio mmoja tu kati ya mingine. Na kuna hesabu ya heshima. Jina la Zazou linatangulia, na wengi wanaoisifu wanaanza na mashine. Mimi naona hivi: ondoa mashine, wimbo utabaki. Ondoa Bikaye, utabaki na kelele nzuri.

Wawili hao waliendelea na Mr Manager (1985) na Guilty! (1988). Hizo zinachezeka zaidi, lakini sizirudii sana. Zinataka kupendeza. Ile ya kwanza haimwombi mtu kitu.

Mwaka 2017 Crammed waliitoa tena, wakati vijana wa Ulaya na Marekani wanatafuta tena milio ya miaka ya 80. Ni kampuni ile ile iliyotoa Congotronics ya Konono Nº1, watu wa likembe na vipaza sauti vya kujitengenezea. Basi umeme ndani ya muziki ya Kongo si mgeni wa jana.

Neno langu kwa wasanii wetu: programu mnayotumia ni ile ile ya kila mtu, na milio yake ni ile ile. Hapo hamtofautiani na mtu. Lakini nawasikia mkiingia studio mnaacha Kiswahili cha Baraka mlangoni, mnavaa lafuzi ya Bongo Flava. Bikaye alienda mbali kuliko nyinyi, mpaka Ulaya, na "dju ya feza" yake mdomoni, na miaka zaidi ya 30 baadaye watu wakaitafuta. Mashine mtaazima. Mdomo ni wenu.