Kisasi Kisichotimia: Usawiri wa Ryunosuke katika Filamu ya Dai-bosatsu Tōge (1966)

Filamu ya Kijapani Dai-bosatsu Tōge, inayojulikana kimataifa kwa jina la The Sword of Doom, iliongozwa na Kihachi Okamoto na kutolewa na kampuni ya Toho mwaka 1966. Shinobu Hashimoto aliandika muswada wake kutokana na riwaya ya Kaizan Nakazato, ambayo ilianza kuchapishwa kwa mfululizo gazetini mwaka 1913 na kubaki bila kukamilika mwandishi alipofariki mwaka 1944. Sehemu hii inajenga hoja kwamba mwisho wa filamu, ambao watazamaji wengi huuona kuwa umekatwa njiani, ndio unaobeba dhamira yake kuu.

Msuko umejengwa juu ya deni la damu. Katika tukio la kwanza, Ryunosuke Tsukue, anayeigizwa na Tatsuya Nakadai, anamkuta mzee msafiri akiomba dua juu ya mlima wa Daibosatsu na kumuua bila sababu yoyote. Baadaye anamuua Bunnojo Utsuki katika shindano la upanga, baada ya kumtaka kimwili Ohama, mke wa Bunnojo, aliyekuja kumsihi akubali kushindwa. Hyoma, mdogo wa marehemu, anaanza kujifunza upanga ili alipize kisasi. Kwa kanuni za filamu za samurai, mtazamaji anaahidiwa pambano la mwisho kati ya wawili hao, na taharuki yote inaelekezwa huko.

Pambano hilo halitokei. Badala yake, Ryunosuke anajikuta katika nyumba ya starehe huko Kyoto, pamoja na Omatsu, mjukuu wa mzee aliyeuawa mlimani. Anaanza kuona vivuli vya aliowaua nyuma ya mapazia ya mianzi, naye anayakatakata mapazia hayo kama mwendawazimu. Kisha wapiganaji wanamvamia. Anaua na kujeruhiwa, nyumba ikiungua, hadi picha inasimama ghafla upanga wake ukiwa bado hewani.

Inawezekana kupinga hoja yetu kwa kueleza kwamba filamu hii ilikusudiwa kufuatiwa na nyingine ambazo hazikutengenezwa, na kwa hiyo mwisho huo ni ajali ya uzalishaji tu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Yanaeleza kwa nini Hyoma hakufika. Hayaelezi kwa nini mkurugenzi alichagua kumfungia Ryunosuke katika chumba kimoja na wafu wake. Chaguo hilo lilikwisha kuandaliwa na tukio la theluji, ambapo Toranosuke Shimada, anayeigizwa na Toshiro Mifune, anawashinda peke yake watu waliomvamia kwa kumdhania mtu mwingine, kisha anawakemea kwamba upanga ni roho, na mwenye roho mbaya hushika upanga mbaya. Ryunosuke anashuhudia yote bila kuuchomoa upanga wake. Kwa mara ya kwanza uso wake, ambao Nakadai ameuigiza ukiwa mtupu na macho yasiyotulia mahali, unaonyesha hofu. Tangu hapo adui yake si Hyoma tena.

Kwa mtazamo huu, filamu inakataa kumpa muuaji heshima ya kufa mikononi mwa mlipiza kisasi. Kifo cha namna hiyo kingefunga hesabu na kumrudishia mtazamaji utulivu. Picha iliyosimama inamnyima vyote viwili: Ryunosuke hafi, hatubu wala hashindwi, anabaki akiua daima. Hapa fani na maudhui vinakutana, kwa kuwa adhabu yenyewe ni kutokuwepo kwa mwisho. Udhaifu wa filamu upo kwingine: Omatsu na Hyoma wanaachwa na maumivu yao bila kusikilizwa, kana kwamba mateso ya muuaji yana uzito kuliko ya waliofiwa. Mhakiki anayeisifu kazi hii hana budi kulikiri hilo pia.