Mkanda Mzuri Hujulikana Unapoachiwa

Muuzaji wa mkanda wa kupima mkunjo wa goti au pumzi za kifua atauvuta mbele yako mpaka uuonee huruma. Wewe subiri auachie.

Wahunzi wa Unyamwezi walilijua hilo kwa waya. Katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, waya wa shaba ulikuwa fedha; msafiri Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871, aliandika kuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ulihesabiwa kama dhahabu. Ukishavutwa ukawa mwembamba, ulizungushwa juu ya nywele za mkia wa mnyama au nyuzi za mmea, ukavaliwa miguuni pete juu ya pete. Pinda pete moja uone: iliyosokotwa vyema, mizunguko hufunguka sawasawa upande wa nje, na ukiiachia hufungana bila kuacha mwanya.

Mkanda wa leo mara nyingi hupitisha umeme, na ukinzani wake hubadilika unapovutika. Vipimo vya mvuto vya waya vilivyobuniwa Marekani mwaka 1938 vilikuwa vya kugundishwa kwenye chuma. Huvumilia mvuto wa asilimia chache tu, ilhali ngozi ya goti huvutika zaidi ya asilimia 30. Ndipo ukaja mpira uliochanganywa na kaboni.

Chukua mita ya fundi redio, rula na vibanio viwili. Vuta sentimita 10 za mkanda hadi 11, 12, kisha 13, ukiandika omu kila hatua, halafu urudi kwa hatua zilezile. Namba za kurudi zikiachana mbali na za kwenda, mkanda huo ni mkaidi: goti likinyooka litasomeka vingine kuliko lilivyosomeka likikunjwa, pembe ikiwa ileile. Mpira wa kaboni ndio wenye maradhi haya zaidi. Silikoni iliyobanwa kati ya tabaka mbili zinazopitisha umeme, inayopimwa kwa chaji inayohifadhi, hutulia zaidi, ingawa badiliko lake ni dogo na kiganja kikiisogelea huivuruga isipokingwa. Mimi ningechukua hiyo. Matangazo yanayojigamba kwa wepesi wa kuhisi mara mamia hayanibabaishi.

Kwa jua la Tabora, ongeza majaribio mawili: uufute mkanda kwa kitambaa cha maji ya chumvi, kisha uuanike mchana wa Oktoba bila kuuvuta. Namba ikihama, unapima jasho na joto.

Muuzaji asiyekubali mita iguse mkanda wake, mwachie mkanda wake.