Padri Kagame na Neno «Mtu»

Twataka kusema machache juu ya mwalimu mmoja wa filosofia, Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981). Mtu akiona jina na nchi asifunge gazeti kwa haraka; vita vya siku hizi yeye hakuvijua.

Kagame alisoma Roma, akapata udaktari mwaka 1955, akarudi na swali la nyumbani: je, lugha ya mama zetu haina filosofia ndani yake? Katika kitabu chake cha 1956 aliweka watu wawili, Kama na Gama, wakiulizana na kujibizana. Kwa Kinyarwanda aliona mafungu manne ya vyote vilivyopo: mtu mwenye akili, kitu kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna. Mwaka 1976 akatoa kitabu kingine, akilinganisha lugha nyingi za Kibantu.

Njia hii twaisifu. Kijana wa Butembo au Beni aingiapo seminari, au Chuo Kikuu cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989, ni rahisi adhani kwamba hekima husema Kifaransa tu. Mwambieni atafakari omundu na ekindu za Kinande chake, mtaona atakavyoinua kichwa.

Lakini kuna kasoro, wala si ndogo. Kagame aliuamini mno mwanzo wa neno. Tazameni Kiswahili: kipofu, kiziwi, kiwete, hata kijana na kiongozi, wote huanza kama kiti na kisu. Je, wazee wetu waliwahesabu kuwa vitu? Hasha! Twasema «kipofu amekuja», si «kimekuja». Nao mti huanza kama mtu, wala hauna akili. Paulin Hountondji wa Benin naye, mwaka 1977, aliwalaumu wanaolivika kabila zima wazo moja. Kwake filosofia ni kazi ya mtu anayefikiri na kujibu kwa jina lake mwenyewe.

Kwetu jambo hili si la vitabuni tu. Tangu Oktoba 2014 watu wengi mno wamechinjwa Beni na vijijini kwake. Mwalimu akifundisha huko kwamba omundu ni mwenye akili, mwanafunzi aliyezika ndugu atauliza: na aliyemwua, yumo fungu gani? Mafungu manne hayamjibu. Mwalimu anayeendelea kuyakariri hapo amemwacha Kagame nyuma. Anayefunga daftari, akamsikiliza, akamwuliza naye, huyo ndiye aliyewaelewa Kama na Gama.

Kitabu chenyewe ni cha Kifaransa, tena kigumu. Heri wakisome wawili pamoja.